Kaisari Angepatana na Binamu Yake

Doha, Machi 2013

Dada Nasimiyu,

Mimi nanenepa kama waziri, na hapa Lusail geti halifunguki bila saluti yangu. Ati mnataka kuzika mgomba badala ya mwili wangu, kama wazee walivyomfanyia babu, Mwingereza alipomchukua kubeba mizigo ya vita asirudi? Miezi minane ya kimya si kifo, dada!

Kambini tunakolala walinzi nafundisha historia yangu ya kubuni. Mwaka 1914 mfalme wa Uingereza na Kaisari wa Ujerumani, binamu kwa binamu, wanakula mbuzi na kupatana. Vita vinakoma. Babu anatua mzigo Voi, anarudi Kimilili kwa miguu yake.

Kiprono, mlinzi mwenzangu, akacheka. "We Nahashon, wakipatana si wangegawana mashamba yetu vizuri zaidi?"

"Wagawane! Lakini babu angekuwepo kuwafukuza."

Sasa sikia, na usimwambie mama. Bosi amenifungia pasipoti na simu kwa sababu niliomba kurudi nyumbani. Babu hakuwa na pa kushtaki, mimi ninapo. Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, naingia ofisi ya Wizara ya Kazi na sare yangu, Kiprono akiwa shahidi. Wakiniambia niketi nisubiri, nitaketi mlangoni mwao, wapite juu yangu.

Ndugu yako anayepumua kwa kelele,
Nahashon