Nilikuja Banaras Kukurudisha

Mpendwa mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako wa kuomba ubaki huko India, Banaras, miaka miwili zaidi, ujifunze kufuma hariri, ulinikuta dukani Jules Street, mguu ukiwa kwenye cherehani. Nilicheka peke yangu hadi mteja akauliza, "Eish, mama, kuna harusi?" Nikamwambia bado.

Sasa nikupe siri. Nilipokutembelea mwezi wa tatu sikuja kutalii. Nilikuja kukurudisha Johannesburg. Nilikuwa nimesikia kwamba wazee husafiri kwenda kufia kwenye mji huo, na maiti huchomwa kando ya mto mchana kweupe. Nikasema basi, binti yangu amehamia matangani.

Kumbe wapi. Asubuhi ya kwanza ulinishika mkono tukashuka zile ngazi za mawe hadi mto Ganga. Huyu anaoga, yule ananyolewa, mwingine anaanika mashuka, na fahali amejilaza katikati ya njia bila wa kumgombeza. Ukanisimulia jinsi watawala walivyoubomoa mji huo zaidi ya mara moja na wenyeji wakaujenga tena, na jinsi Waislamu wa vichochoro vile wanavyofuma sari za maharusi wa Kihindu. Yote kwa Kiswahili, wewe uliyekuwa ukinijibu Kiingereza hapa mtaani kwetu Observatory tangu ulipoanza shule. Nilipokuuliza, ulisema, "Huku kinanijia chenyewe, mama." Nilitamani baba yako asikie.

Halafu ile chai. Nilipomaliza kunywa nilikiosha kile kikombe cha udongo bombani, nikakifuta kwa upindo wa kitenge, nikamrudishia muuzaji kwa mikono miwili. Akabaki ananitazama. Wewe ulikuwa umejishika mbavu.

"Mama, kinavunjwa. Kesho mfinyanzi analeta vingine."

Ukakitupa chako, kikapasuka. Mimi nilikulia Morogoro, kwenye nyumba ambayo mvunja kikombe alichapwa, kwa hiyo roho iliniuma. Lakini nilipokitupa changu nilisikia raha ambayo sijui niielezeje. Nilijiambia, ndiyo maana mji mkongwe kiasi hiki hauna uchovu, hauing'ang'anii jana yake. Nikaagiza chai ya pili ili nivunje tena. Ya tatu ulinikataza.

Maneno yote niliyokuwa nimepanga kukuambia yakaishia pale kwenye chai. Ulinisindikiza uwanja wa ndege na sikuyasema.

Nina hamu nawe, Zawadi, nisikufiche. Jumamosi tukifunga duka ndiyo siku mbaya zaidi, maana hakuna wa kubishana naye njiani. Kanisani wataniuliza tena unarudi lini, nami nitawajibu kwamba una kazi. Baba yako nilimsomea ujumbe wako jana. Akasema, "Sharp, sawa. Mwache mtoto." Halafu akaenda kusimama uani peke yake.

Kaa huko, mwanangu. Safari hii nikija, nakuja kukutembelea tu.

Akupendaye kwa moyo mweupe,
Mama yako