Nira ya Waziri na Katibu

Migato, Itilima,
Mkoa wa Simiyu.
Mwishoni mwa Novemba.

Mdogo wangu Gwakisa,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta ukitembea bila fimbo, na lile goti limeacha kukusumbua. Huko Rungwe nadhani mvua haijakatika tangu uliponiandikia, na shemeji yangu bado anagombana na ukungu usiotaka nguo zake zikauke. Mimi ni mzima. Macho yamepungua nguvu, ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini uji nakunywa na mwendo ninao.

Uliniuliza swali, tena kwa ukali kidogo: "Hao watu wako wa Simiyu wana ng'ombe wengi kuliko watu. Wanalalaje njaa? Ni uvivu au ni mvua?" Kisha, mistari michache chini yake, ukalalamika kwamba mahindi yako yanatobolewa na dumuzi ghalani kwa sababu wanunuzi wanataka kuyachukua kwa bei ya kutupa. Nilirudia kusoma sehemu hizo mbili. Nadhani hukutambua kwamba uliuliza swali ukaanza kulijibu mwenyewe. Unajua tabia yangu ya kueleza, kwa hiyo nivumilie. Nitakupa habari za jirani yangu, maana mambo ya dunia nzima mimi huyaelewa yakipita kwenye mlango wa mtu ninayemjua.

Jirani huyo anaitwa Masunga. Nilimfundisha alipokuwa mtoto, na leo ana mke, Kabula, na watoto wanne, na shamba lake linapakana na langu. Mali yake kubwa ilikuwa maksai wawili wa kulimia, aliowaita Waziri na Katibu. Ukimwuliza sababu alikuwa anajibu, "Waziri anatangulia ili watu wamwone, Mwalimu. Anayevuta ni Katibu." Kila msimu alilisema hilo, na kila msimu tulicheka.

Huku hatulimi kwa jembe la mkono kama nyinyi kwenye miteremko yenu. Udongo ni mweusi, mzito, na mvua ikianza haikupi nafasi ndefu. Mwenye plau na jozi ya maksai hupanda kwa wakati. Asiye nayo husubiri wenzake wamalize, na zamu yake ikifika ardhi imeanza kukauka. Ndiyo maana mtu wa huku hamwoni maksai kama kitoweo. Anaona ndani yake chakula cha mwakani.

Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Tukavuna mabua. Redioni wakasema ni ukame, na maelezo yao yakaishia hapo. Lakini ukame wazee wa hapa waliujua, na walikuwa na dawa yake inayoitwa ngitili. Ni eneo la malisho lililokuwa likifungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue, mifugo isiingie hata kwa bahati mbaya, mpaka kiangazi kikaze. Ndipo linafunguliwa, wanaanza ndama na ng'ombe wa plau. Halikuwa na uzio. Uzio wake ulikuwa aibu, na faini ya sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa asiyeona aibu.

Ngitili ya kitongoji chetu ilikuwa kubwa, unaweza kuizunguka asubuhi nzima. Ukaja mwaka mmoja pamba ikapata bei nzuri. Vijana wakasema nyasi haziuzwi, pamba inauzwa. Ikakatwa vipande, kila kaya ikapata chake, ikalimwa. Masunga naye alipata kipande. Mwaka ule alinunua bati na kitanda. Mwaka uliofuata bei ya pamba ikashuka. Bei hiyo inapangwa mbali sana na hapa, na watu ambao hawajui kama Migato ipo. Nyasi hazikurudi, maana kipande kilichokwisha kuwa shamba hakuna mtu anayekirudisha kuwa cha wote.

Kuna jambo la pili. Hata mwaka wa neema, watu wa hapa huuza mahindi yao siku zile zile za mavuno. Michango ya shule inadaiwa, mgonjwa yupo, na malori ya wanunuzi yanasubiri barabarani. Wote wakiuza pamoja, bei inalala chini. Kiangazi kikifika wanayanunua mahindi yale yale, na sasa bei imesimama. Nilisema mkutanoni, tena si mara moja, kwamba tujenge ghala la kijiji, kila kaya iweke kidogo wakati wa mavuno na ichukue wakati wa shida. Mzee mmoja akanyanyuka akauliza, "Mwalimu, sawa, tuweke. Na hao panya wako nao tuwaandike uanachama?" Mkutano ukaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Wazo langu lilikwenda na kile kicheko.

Basi, turudi kwa Masunga. Mwezi wa tisa alimpeleka Waziri mnadani. Nilikwenda naye kwa sababu aliniomba nimsaidie kubishana. Wenye ng'ombe wa kuuza walijaa kama siku ya uchaguzi, na wote walihitaji kitu kimoja: mahindi. Dalali akamzunguka Waziri, akampiga kofi mgongoni, kisha akamsalimia Masunga kwa Kisukuma.

"Mwadila, ngosha. Huyu umemleta kuuza au kuzika?"

"Mtazame miguu," Masunga akamwambia. "Huyu ni wa kazi. Amelima miaka mitano."

"Kazi gani sasa hivi? Mimi nanunua nyama, na hapa naona kamba na mifupa. Kama hutaki, mpange foleni. Wenzako wote wale wanauza."

Miaka ya nyuma maksai wa namna hiyo angerudisha mahindi ya kuifikisha nyumba mavunoni. Safari hii alirudisha magunia mawili. Hapo, Gwakisa, ndipo nilipolielewa swali lako. Chakula kilikuwepo. Kando ya mnada mahindi yalikuwa yamepangwa kama ukuta, na baadhi yake nina hakika yalitoka kwenu Nyanda za Juu. Kilichopungua ni nguvu ya Masunga kuyafikia, kwa sababu alichokuwa nacho kilipoteza thamani siku ile ile alipokihitaji.

Alibaki Katibu. Maksai mmoja havuti plau, lakini ng'ambo ya korongo yupo mjane, Mama Limi, ambaye naye alibakiwa na mmoja. Nikawakutanisha. Wakakubaliana kuwafunga nira moja mvua ikianza, walime kwa Masunga, kisha kwa Mama Limi. Nilifurahi sana. Nilijisemea, haya ndiyo masuluhisho, hayahitaji hata semina. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu, Katibu aishi mpaka mvua.

Nikampa Kabula mtama kutoka ghalani kwangu ili wasishawishike kumwuza. Yeye alichanganya na michembe iliyobaki, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokaushwa juani, akawapikia watoto mara moja kwa siku. Njaa ya watu tungeweza kuivuta kidogo. Njaa ya Katibu ndiyo iliyotushinda. Hapakuwa na jani. Mabua yalikwisha mwezi wa nane, na pale ilipokuwa ngitili kulikuwa na vijiti vya pamba vilivyokauka. Ikafika asubuhi Katibu hawezi kusimama mwenyewe. Masunga anashika mkia, mimi na Kabula tunasukuma ubavuni, mpaka anainuka akitetemeka.

Tulipomwinua kwa mara ya mwisho, Masunga hakuuachia mkia. Akaniambia, "Mwalimu, akianguka tena hainuki. Leo ana bei. Kesho ana ngozi."

Nikamwambia, "Mawingu yanakusanyika upande wa ziwa. Subiri kidogo."

Kabula ndiye aliyenijibu, kwa upole wa kumwonea huruma mzee. "Tumeyaona, baba, hayo mawingu. Tangu mwezi uliopita tunayaona. Wewe umefundisha jiografia, tuambie, yanakuja lini?"

Masunga akamfunga Katibu kamba shingoni. Akampeleka. Kutoka mnadani alirudi na mahindi kwenye baiskeli, na kamba ya Katibu ameizungushia mkononi.

Mvua ilianza wiki ile ile. Ni mvua nzuri kuliko zote nilizoziona hapa. Mashamba yamelowa mpaka chini, vyura wanapiga kelele, na mashamba mengi hayana mtu. Masunga na mkewe wanalima kwa jembe la mkono kona ndogo iliyo karibu na nyumba. Upande mwingine wote magugu yameshaota. Mama Limi maksai wake yuko hai, amesimama peke yake. Juzi nilipita kwa Masunga kumjulia hali bibi wa nyumba. Kabula alikuwa anasonga ugali wa mahindi yale, na niliona kwenye moto kipande cha mti kilichochongwa, chenye tundu la kupitishia kamba. Ilikuwa nira. Aliona ninaitazama.

"Kuni zimelowa, baba," alisema. "Hii ilikuwa ndani, kavu. Na shingo za kuibeba hazipo. Kaa, ule."

Nilikaa nikala. Ningekataaje?

Sasa ipeleke habari hiyo duniani kote. Nchi moja mahindi yanalishwa mifugo ya watu walioshiba, nyingine vita vimefunga barabara, nyingine mkulima anapanda kitu asichoweza kukila kwa sababu ndicho chenye mnunuzi. Dunia inavuna chakula cha kututosha, na hata dawa zinajulikana: kurudisha malisho ya wote, kupanda mtama na uwele pamoja na pamba, ghala linalojazwa wakati wa wingi, barabara inayoleta mahindi yako huku kabla dumuzi hawajayamaliza, mkopo wa chakula usiosubiri mtu auze jembe lake. Hakuna jipya hapo. Nimeyasema tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, wengine wenye madaraka wameyasema vizuri zaidi, yameandikwa, yamepigiwa makofi. Zamani niliamini watu wakishaelezwa sababu, kazi imekwisha. Leo nakiri kwamba naweza kukueleza njaa ya Masunga hatua kwa hatua, na maelezo yangu hayakumwinua Katibu.

Umeniambia nirudi nyumbani kwenye ndizi. Asante, lakini usinisubiri mwaka huu. Najua mwezi wa tatu utakuwaje huku mahindi ya mnadani yakiisha, na ghalani bado nina mtama kidogo. Na wewe, mahindi yako usimtupie dumuzi. Kama kuna lori lolote linalopanda kaskazini, nijulishe.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie ukungu ni neema hata ukilowesha kanga. Msalimie shangazi yetu wa Kyela, na yule mjukuu wetu anayesoma sekondari, ambaye uliniambia anataka kuwa bwana shamba. Usimkatishe tamaa. Mwambie tu aje kwanza huku kiangazi, ashike mkia wa ng'ombe asubuhi moja.

Ninapomaliza kuandika mvua imeanza tena juu ya bati, ya taratibu, ya kupandia. Nje namsikia Masunga anapiga jembe, na Kabula nyuma yake. Ni majembe mawili tu, Gwakisa, na shamba lote linawasubiri.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Ambokile.