Kiti cha Mama cha Mcheri

Wethersfield, Connecticut
3 Machi 1921

Mwanangu Adelia,

Hujambo? Mkwe wangu Warner hajambo? Mimi mzima, ila magoti. Nimekupakilia kwenye treni kiti cha mama yako, kile cha mbao ya mcheri alichochonga babu yake. Kabla hajafa, mama yako aliniambia kiwe chako.

Baba yako

Toledo, Ohio
19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Kiti kimefika mguu wa nyuma umechomoka. Nilikitazama kama ninavyotazama viti vya stesheni. Tangu theluji ilipofunga reli nikashindwa kuja kumzika Mama, sijalia hata mara moja. Nafua, napika, nalala. Warner ananiambia, “Adelia, piga kelele basi, hata unitukane!” Sina la kumtukania. Amechukua nyundo na msumari. Nimemwambia angoje barua yako.

Binti yako, Adelia

Wethersfield, 25 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mwambie huyo Warner aweke nyundo chini! Msumari utaupasua mguu. Kiti hicho hakina msumari hata mmoja: ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu, na kijiti kimepita katikati kuuzuia. Kwangua gundi ya zamani, paka mpya ingali moto, funga kwa kamba, usikiguse siku mbili.

Kuhusu kulia, sijui nikwambie nini.

Baba yako

Toledo, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nimekitengeneza mwenyewe. Chini ya kikalio, pasipoonekana, babu yake Mama hakupiga randa. Nilipitisha vidole kwenye alama zote za patasi. Nimekikalia nikamenya viazi. Sikulia. Mama alisemaje hasa aliponiachia? Niandikie maneno yake yenyewe.

Binti yako, Adelia

Wethersfield, 29 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa, na si kwa sababu ya magoti. Mama yako hakusema neno. Alikufa akiuliza kama kuku wamefungiwa. Kiti nimekutumia mimi. Kilikuwa mbele yangu mezani kila asubuhi, kitupu. Kukichoma nikashindwa, kukitazama nikashindwa. Nilidhani wewe utaweza kulia, maana mimi pia sijaweza. Nisamehe.

Baba yako

Toledo, 3 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, mara mbili. Mpe jirani kuku, funga nyumba, panda treni ya Jumanne. Warner atakupokea. Kwetu kuna viti viwili na hicho cha Mama. Nitakikalia mimi. Kama hutaki kuongea, tutakula tu.

Binti yako, Adelia