Dakika Kumi na Tano za Boaz

Jumanne, 16 Aprili 1996

Shemeji Boaz amefika Migori kutoka Nairobi. Pole yenyewe hakuimaliza — ni ndege tu! Bosi wake amemwazima ndege ndogo, ndiyo itakayompeleka mume wangu, Baba Liz, nyumbani Homa Bay akazikwe. Amepima ramani kwa rula. Kilomita sitini, dakika kumi na tano! Eti nataka ndugu yake arushwerushwe kwa matope kama gunia la mahindi?

Mume wangu aliogopa hata kupanda ngazi. Leo maiti yake ndiyo ya kujionyeshea! Sawa. Lakini kando ya jeneza nitakaa mimi. Mke hamwachi mumewe njiani.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimechemka! Ndege inabeba jeneza na watu wawili. Wa kwanza Boaz. Wa pili — mtu wa video! Lazima watu waone ndege ikitua, anasema. Na mimi je? Eti niende na pikapu ya Cephas, rafiki wa marehemu, pamoja na sufuria za matanga.

Sufuria! Mwaka mzima nimemlisha mgonjwa kwa kijiko, Boaz hakutia mguu. Nimemwambia hana haya. Akacheka. Mjinga!

Ijumaa, 19 Aprili

Tumekwama matopeni mara mbili. Cephas amesukuma mpaka kiatu kikabaki huko. Tumefika mchana. Nikauliza, mume wangu amelazwa wapi? Wazee wanaangalia chini.

Nyasaye, Mungu wangu! Boaz aliagiza vijana wa ukoo wafanyie tero buru uwanjani — mafahali, ngoma, firimbi, wafukuze kifo hapo hapo ndege ikitua. Video itoke vizuri! Mafahali wakajaa njia ya ndege. Rubani akazunguka juu. Watu wakadhani anawasalimia, wakazidisha ngoma! Akageuza, akarudi Migori. Boaz amepiga simu hapa jirani, dukani kwa Mokaya: rubani amewashusha, ameenda zake Nairobi. Jeneza liko kwenye nyasi. Mvua inanyesha.

Mume wangu amepita juu ya boma lake akarudishwa! Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni itangoja.

Naandikia ndani ya pikapu. Nimesema tunarudi kumchukua. Jaduong' Ogweno, mzee wa ukoo, baba mdogo wa marehemu, amesimama mbele ya gari na fimbo. Eti mjane hatoki bomani kabla mumewe hajaingia, nitaleta mkosi! Nimemjibu, baba, mkosi umeshapita hapa kwa ndege.

Hasogei. Cephas amewasha injini, ananitazama. Sufuria bado zimejaa nyuma, jeneza halitaenea.

Sasa mama mkwe ameinuka, amefunga leso kiunoni, amempita Jaduong' bila kumtazama. Ameanza kushusha sufuria.