Dawa Iliyonibakiza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza visa. Mimi nipo, napumua, nakula kidogokidogo. Kwa niliyoyapitia, hayo si haba.

Najua mume wangu alikwambia saratani ya damu imenirudisha wodini. Hakukwambia yote. Dawa za saratani ziliniacha bila kinga hata ya mafua, vijidudu vikaingia kwenye damu. Homa ilipanda hadi nikawa namwita marehemu mama aniletee maji, kana kwamba yuko jikoni.

Wakanitundikia dripu ya antibiotiki, kipimo kilekile cha wagonjwa wengine. Homa ikagoma. Daktari alipopima damu yangu akasema figo zangu zinaitoa dawa upesi mno, haiwahi hata kufanya kazi. Wagonjwa kama mimi huwatokea hivyo. Nikamtania kwamba nimeitwa mvivu tangu utotoni, kumbe figo zilikuwa zinachapa kazi. Alicheka, kisha akaketi kitandani pangu, naye si mtu wa kuketi.

Akaniambia anaweza kupandisha kipimo na kuongeza dawa nyingine kali. Ikipungua, vijidudu vitashinda. Ikizidi, itaharibu figo au masikio. Na mwili wangu ulikuwa haueleweki, leo hivi, kesho vile. Alisema ni kama kutia chumvi kwenye mchuzi usioweza kuuonja. Mume wangu alitaka tusubiri. Mimi nikasema nipewe.

Homa ilishuka, dada. Nililia kwa furaha. Lakini figo zilezile zikachoka ghafla, dawa ikajaa mwilini kabla majibu ya vipimo hayajarudi.

Sisikii tena. Masikio yote mawili. Wanasema hayatarudi. Nimemkataza mume wangu kukwambia, maana nilitaka uyapate kwangu. Usimlaumu, wala usimlaumu daktari. Nilichagua mwenyewe, na ningechagua tena.

Juzi waliniletea mwanangu. Nilimwacha hajui kusema neno. Alinishika mashavu, akanikazia macho, midomo yake ikawa inafunguka na kufungika. Nikamtazama baba yake. Akachukua kiganja changu, akaandika kwa kidole, taratibu: anakuita.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja. Nimekukumbuka sana. Ukija, usipige hodi. Ingia tu.

Mdogo wako,
Kitindamimba