Zamu ya Kulala kwa Yustina

Jumatano, Urambo

Bado namwaza Nesi Tabu, alivyowanyamazisha wanakamati wa kijiji leo bila kupaza sauti.

Walitaka Yustina afukuzwe hapa kijijini kwa ulevi, mtoto abaki kwa mama mkwe. Na pombe alipewa na huyo huyo mama mkwe alipojifungua, eti maziwa yatoke. Sasa haiachi, na mtoto akilia yeye hutazama ukuta.

“Huyu anaumwa,” nesi alisema. “Sote tumehamishiwa kijiji hiki kipya, mama yake kabaki mbali. Nani amelala naye hata usiku mmoja?”

Mwenyekiti akacheka. “Tumwajirie yaya, nesi?”

“Makundi ya nyumba kumi kumi mnayo, mzee. Zamu za shamba la tumbaku mnagawana, za mzazi ziwashinde?”

Mimi, karani wa kamati, niliinamisha kichwa, nesi akanigeukia. “Binti, utaanza wewe leo.”

Basi niko kwa Yustina. Naogopa kusinzia, naogopa akiomba pombe. Nesi alipita jioni, akamwogesha, akamnywesha uji taratibu. Atarudi asubuhi.

Sasa hivi Yustina ameuliza, “Kesho atakuja mwingine?”

Nimejibu ndiyo. Sijui ni nani. Asipopatikana, nitarudi mwenyewe.