Kwa Chura Wetu, Aliyezoea Kufika Ng'ambo

Mwaka umezunguka, Chura wetu, tangu asubuhi ile ulipoingia ziwani mbele ya macho yetu na ng'ambo usionekane. Aliyetuandalia tangazo hili alitaka tuandike "tangu ututoke". Tumekataa. Hukututoka. Uliaga vizuri, ukapakwa mafuta ya waogeleaji shingoni na kwapani, ukamwambia wifi yako aangalie viatu vyako visiibiwe. Viatu viko.

Jina la Chura ulipewa na shangazi yetu, mwenye mdomo usio na breki, siku alipokukuta ungali mdogo umejikalia chini ya maji ya bwawa la kuogelea kana kwamba uko sebuleni. Bwawa lile baba ndiye aliyekuwa akilitunza. Alivua majani kwa wavu, akatia dawa, akafunga geti, na watu wakishaondoka lilikuwa lako. Ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, baba amekalia ndoo iliyopinduliwa akikuambia, "Hii ya mwisho." Nawe ukajifanya hujasikia, eti masikio yamo majini.

Tuseme kweli, hukuwa mwepesi. Kwenye mbio fupi wenzako walikuwa wameshajifuta maji wewe ndiyo kwanza unageuza. Tulikucheka, tukakuambia polepole ndio mwendo. Kocha wako ndiye aliyeona tusichoona. "Huyu hana mbio," alimwambia baba, "lakini hachoki. Mtoe kwenye hili beseni, mpeleke ziwani."

Mara ya kwanza ulipovuka, mama ndiye aliyekuharibia. Sheria ya mchezo wenu ni ngumu: mwogeleaji haguswi na mtu, naye hagusi boti inayomsindikiza, mpaka asimame mwenyewe kwenye nchi kavu. Hata supu baba alikupa kwa chupa iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Mama hakuambiwa. Alipokuona unakuja ukiyumba, maji yangali magotini, alikimbilia humo humo na gauni lake, akakukumbatia. Mwamuzi akapuliza filimbi, safari nzima ikafutwa. Wewe ulicheka mpaka ukakaa kitako majini. "Mama, umewahi kidogo," ulimwambia. Tangu hapo alikuwa akisimama juu kabisa, penye mchanga mkavu, mikono ameifunga nyuma, machozi yanamtiririka, na hakusogea mpaka umesimama. Mara tatu ulitwaa ubingwa, na mara zote tatu alikungoja hivyo.

Nyumbani ubingwa haukukuongezea adabu. Ulimaliza mkate peke yako, ukasinzia mezani, ukamwachia mama mashuka yenye mafuta yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Kila likizo ulikusanya watoto wa mtaa bwawani, wale ambao wazazi wao waliwaambia maji yana mashetani, ukawalaza chali mmoja mmoja juu ya kiganja chako. "Legeza shingo," ulikuwa ukisema. "Maji hayana ugomvi na wewe." Mimi kaka yako, fundi cherehani, ninayeandika kwa niaba ya wote, ulinijaribu pia. Nilizama kama pasi ya mkaa. Ulinitoa kwa kunivuta ukosi, na kwa miaka mingi hukuacha kulisimulia hilo mbele ya wateja wangu.

Siku ile upepo uligeuka mkiwa mmeshapita katikati ya ziwa. Mawimbi yalipoanza kupanda, baba alikunyooshea fimbo. "Shika, mwanangu, yaishe." Ukamjibu, "Itoe, baba. Ng'ambo naiona." Kisha injini ikazimika. Nahodha alipofanikiwa kuiwasha, boti ilikuwa imesukumwa mbali na kofia yako nyekundu haionekani. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Hatuna hata kaburi la kupalilia.

Mama hakukubali. Neno marehemu halitamkwi mbele yake. Kila Jumamosi hupanda basi hadi ufuo ulikopaswa kutokea, akasimama palepale penye mchanga mkavu, mikono nyuma. Mvua humnyeshea hapo. Amekonda, kikohozi hakimwachi, na daktari ametuambia wazi kwamba akiendelea hivyo hatafika mbali. Kabla ya kutoka humuuliza baba swali moja tu: "Ulimwona akizama?" Baba hujibu, "Sikumwona." "Basi," mama husema, akavaa viatu.

Tulimkalisha baba kitako. Tuliona tukinyamaza tutawapoteza wawili. "Kaka, mwambie ulimwona," shangazi alimsihi. "Uongo wa kumponya mtu si dhambi." Baba aligoma muda mrefu, kwa maana uongo na yeye ni mbalimbali. Mwezi uliopita akakubali. Mama alikuwa anakunja nguo. Baba alivuta kiti, akamwambia, "Mke wangu, nilikuficha. Nilimwona akizama."

Mama hakuacha kukunja. "Hukumwona," alisema. "Ungemwona, ungeruka."

Baba aliinuka akatoka nje. Hakuna aliyejaribu tena. Ni kweli, angeruka.

Hivyo ndivyo tulivyo, mdogo wangu. Walituambia siku zikipita moyo utapoa. Siku zimepita, moyo haujapoa. Baba aliacha kazi ya bwawa, harufu ya dawa ile inamliza. Wale watoto wako wamerudi kuogopa maji. Wifi yako hukuita wakati wa kupakua chakula, kisha husimama na sahani mkononi, nasi sote tukatazama chini. Tunasali, lakini hatujui tunaomba urudi au tunaomba upumzike, na Mwenyezi Mungu atuwie radhi, tumechoka kuomba yote mawili.

Unakumbukwa na baba yako, mimi kaka yako na wifi yako, dada yako na shemeji yako, shangazi yako aliyekupa jina, wanangu, ambao bado wanabishana nani ulimpenda zaidi, kocha wako, na nahodha wa boti, aliyeomba kwa machozi tumweke humu, nasi tukaona hana kosa.

Mama yako hayumo. Tulimsomea haya yote, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba tusimtaje pamoja nasi. "Nyinyi mkumbukeni," alisema. "Mimi namngoja."

Sisi wengine tutakukumbuka maisha yetu yote, Chura wetu, maana kukungoja kumetushinda.